Siku Niliyozungumza na Mlango

Mjukuu wangu, iko siku moja inayonirudia kila nisikiapo mlango ukikwaruza. Na kwa kuwa milango yote ya nyumba hii inakwaruza, maana fundi akizeeka milango yake huzeeka naye, naikumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana, seremala katika karakana ya kampuni hapa Kolwezi, nikikaa na wazazi wangu kwenye nyumba za wafanyakazi kule Kapata. Mikono ilinuka gundi, na kichwani hamkuwa na kitu kingine ila posa. Nilikuwa nimemposa bibi yenu Mbombo.

Kabla sijaenda mbali, nikueleze habari ya buko, yaani mkwe, kwa sababu ninyi wa siku hizi mnakaa sofa moja na mama mkwe mkigombania rimoti. Kwetu sisi ambao baba zetu walitoka Kasai kuja kuchimba shaba, mama mkwe alikuwa mtu wa kuogopwa kwa mapenzi. Humtazami usoni. Huli naye. Humsemeshi moja kwa moja. Kama una neno, unalipitisha kwa mtu wa tatu. Ukimwona anakuja njiani unakata kona, na kama kona haipo unaingia mtaroni. Haya yalidumu mpaka ndoa ifungwe, kisha mkwe apeleke mbuzi wa kuondoa haya, wazee wamle na kubariki. Kabla ya mbuzi huyo, kuonekana wewe na mama mkwe peke yenu mahali pamoja ilikuwa balaa. Posa ingeweza kurudishwa, na msichana akaozwa kwingine. Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa, na sisi utumwa wa kazini ulikuwa unatutosha.

Basi, wakubwa wa Kizungu walikuwa na boti zao kule Nzilo, kwenye ziwa lililotokea baada ya mto Lualaba kuzibwa na ukuta wa bwawa. Ziwa lilikuwa jipya wakati ule. Miti iliyofunikwa na maji ilikuwa bado imesimama, mikavu, na ndege walikaa juu yake kama watu wanaosubiri treni. Mhandisi mmoja alikuwa na boti ya injini ya kustarehea, nyeupe, ndani yake mna sebule na chumba cha kulala. Kati ya sebule na chumba palikuwa na ujia mwembamba, na mwisho wa ujia mlango wa namna ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Huuvuti wala huusukumi. Unateleza kwa ubavu na kuingia ndani ya ukuta, ukining'inia kwenye magurudumu madogo yanayopita juu ya reli.

Mlango huo ulianza kugoma. Mhandisi akatuma neno karakana kwamba mbao zimevimba kwa unyevu, aje seremala azipige randa. Tukatumwa mimi na Tata Ilunga.

Tata Ilunga, na tata kwetu ni baba, ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa Muluba wa Katanga kaskazini, mtu mrefu na mpole, mgongo wake mbovu lakini ulimi wake mzima kabisa. Njia nzima ndani ya lori nilimchosha kwa habari za arusi yangu, suti nitakayovaa, akordioni itakayopigwa. Yeye alitazama vumbi tu na kusema, "Mutoto, arusi ni siku moja. Buko ni maisha yote." Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wazee, yale wanayoyasema ili wasionekane wamelala.

Tulipofika ziwani, dereva alituteremsha na kurudisha lori juu kilimani penye kivuli. Mlinzi wa boti akatujia mbio. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyarusha mafupi mafupi.

"Batata, mukuye mbio! Kuko mama ndani! Mulango ulijifungaka!"

Tukampoza, akaeleza. Bibi wa mhandisi alikuwa amemleta asubuhi fundi wa kushona, mwanamke kutoka mjini, aje atundike mapazia mapya katika chumba cha kulala. Kisha bibi mwenyewe akarudi mjini na kusema angekuja kumchukua jioni. Fundi akiwa ndani, upepo ukavuma, boti ikayumba, mlango ukateleza wenyewe ukajibamiza. Tangu hapo haukwenda mbele wala nyuma. Madirisha ya chumba yalikuwa ya duara, hayapitishi hata kichwa cha mtoto, na yalifunguka kidogo tu. Jua la kabla ya mvua, unalijua jinsi linavyochoma. Chumba kile kilikuwa kinaiva.

Tukaingia, Tata Ilunga mbele, mimi nyuma na randa yangu kwapani. Ujia ulikuwa mwembamba hivi kwamba mabega yaligusa huku na huku. Mle ndani tulisikia mtu akikohoa, kikohozi kile chenye filimbi katikati. Tata Ilunga akagonga.

"Mama, jambo. Weye nani?"

"Jambo, tata," sauti ikajibu, ikivuta pumzi. "Ni mi mama ya Mbombo. Wa Kapata."

Mwanangu, sikumbuki nilivyotoka. Miguu iliamua kabla yangu. Nilijikuta nje, kwenye gati la mbao, randa bado kwapani, moyo unapiga kama pampu ya mgodi. Mama Kapinga, mama mkwe wangu! Nilijua alisomea ushonaji fwaye, kule ambako masista waliwafundisha wake za wafanyakazi, na kwamba mkono wake ulisifiwa mpaka kwa Wazungu. Lakini ningejuaje kwamba mapazia ya boti hii ni yake? Mlango wenyewe nilioletwa kuufungua, nyuma yake amekaa mtu mmoja tu duniani ambaye sikuruhusiwa kufunguliana naye mlango.

Tata Ilunga akatoka polepole, mkono kiunoni. Hakupaza sauti. Laiti angepaza, ningejitetea.

"Kazadi, unaenda wapi?"

"Tata, ule njo buko yangu."

"Nilisikia."

"Siwezi kuingia mule. Mila inakataza."

"Mila inakataza nini? Sema muzuri."

"Kumuona. Kumusemesha. Kukala naye."

"Kuko mulango katikati yenu. Utamuona namna gani? Mama eko na pumu. Unasikia gisi anavuta pumzi? Mila njo ilikuambia umuache afwe, kusudi weye ubakie na heshima?"

Nikaihamisha randa kwapa la pili.

"Kukimbia aiko heshima, mutoto. Kila mutu anaweza kukimbia, ata kuku. Heshima njo kubakia pale, utafute njia ya kumuokoa pasipo kumupatisha haya. Sasa kama unataka kukimbia, kimbia. Lakini randa unipe, ni ya karakana."

Maneno haya aliyasema taratibu, kama anayenielekeza kupima ubao. Yaliniingia kuliko fimbo. Nilijiona mdogo, nikaona haya, halafu nikaona hasira juu ya haya yangu mwenyewe. Tukarudi ndani wote wawili.

Ndipo kilipoanza kichekesho ambacho bibi yenu mpaka leo hawezi kukisikia bila kuweka chini sufuria. Nilisimama mbele ya mlango, Tata Ilunga nyuma yangu, Mama Kapinga upande wa pili, unene wa ubao tu kati yetu. Lakini nisingeweza kumsemesha. Kwa hiyo nikamgeukia Tata Ilunga na kumwambia, "Tata, umuulize mama kama mulango unasongea kidogo ku upande wake." Tata Ilunga, bila hata kutabasamu, akasema kwa sauti juu ya bega langu, "Mama, mulango unasongea kidogo?" Na Mama Kapinga, ambaye alikuwa amenisikia vizuri kabisa, akangoja mpaka swali lifike kwa njia yake ya halali, ndipo akajibu, "Tata, umuambie ule kijana, ausongei." Tata Ilunga akaniambia, "Anasema ausongei." Nikamshukuru kwa habari.

Tukaenda hivyo. Nikapitisha rula nyembamba ukingoni mwa mlango, juu hadi chini. Ikapita bila kukwama. Nikapitisha tena kwa sababu sikuamini.

"Tata," nikasema, "mbao aikuvimba."

"Ata mi nilifikiri ilivimba," akasema Tata Ilunga. Akainama kwa shida, akaangalia chini, akaangalia juu. Kona moja ya mlango ilikuwa imeshuka kidogo na kuuma sakafu. "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anasukumaka mawagoneti ku mugodi."

"Wagoneti likitoka ku reli, wanalipiga randa?"

Nikaelewa. Gurudumu la juu lilikuwa limeruka reli boti ilipoyumba. Randa yangu ingenyoa mlango ule mpaka ubaki kipande cha kuwashia moto, na bado usingefunguka. Ulihitaji kuinuliwa kidogo, gurudumu lirudishwe mahali pake. Lakini reli na magurudumu vilifichwa na ubao mwembamba wa pambo, na ubao huo ulikuwa upande wa ndani, kwa mama.

Kuvunja? Tata Ilunga alikuwa amesema tangu mwanzo, pumzi ikikatika tunavunja, na mhandisi atufanye atakavyo. Lakini pale hapakuwa na nafasi ya kutupa shoka. Na mlango ulikuwa mbao ngumu nyekundu, mzito kama kaburi, na mama amesimama nyuma yake. Tata Ilunga akakata shauri aende mwenyewe kilimani kuleta kriki, ile jeki ya kuinulia lori, kwa kuwa mlinzi asingeijua na dereva asingempa.

"Weye ubakie," akaniambia. "Umuongeleshe, asinyamaze."

"Nimuongeleshe? Mi?"

"Utajua," akasema, akaondoka na mgongo wake. Mlinzi alikuwa gatini, anatazama maji. Tukabaki wawili.

Mwanangu, kuna ukimya unaokaa baina ya watu wawili wanaosikilizana pumzi. Mwanzoni nilisimama tu, uso umeelekea ukutani, nikijisemea Tata atarudi sasa hivi. Mama Kapinga alikohoa, akatulia, akakohoa tena. Ile filimbi ilizidi kuwa nyembamba. Kisha nikasikia kitu kinaburuzwa chini ya mlango, nadhani alikuwa ameteremka akakaa sakafuni. Halafu kikohozi kikakoma.

Afadhali kikohozi kuliko kukoma kule. Nilimwona Mbombo mbele ya macho yangu, akiniuliza mama yake alikufaje, na mimi nikimjibu kwamba nilikuwepo, umbali wa ubao, lakini nilikuwa namheshimu.

Nikauweka mkono mlangoni. Nikasema, na sijui neno lilitoka wapi:

"Mulango. We mulango, unanisikia?"

Nikaegemeza sikio ubaoni.

"Mulango, mi niko nasema na weye. Siko nasema na mutu. Kama unanisikia, ulie kidogo."

Nikangoja. Kisha, chini kabisa, karibu na sakafu, nikasikia kidole kikigonga ubao.

Sijawahi kusikia muziki mtamu kuliko ule, na akordioni zote za Kapata nimezicheza. Nguvu zilinirudia.

"Muzuri, mulango. Sasa sikia. Kule juu, ku upande wako wa ndani, kuko kabao kembamba kanafunika reli. Kanapashwa kutoka. Kama karibu yako kuko makasi ya kushona, makasi ile inaweza kukatoa."

Kidole kikagonga. Nikasikia mtu akiinuka kwa taabu, akijishikilia, kisha chuma kikichokoa mbao. Alikuwa akichokoa na kupumzika. Nilipomsikia anapumzika nilimpa mlango moyo: "Iko muzuri, mulango, polepole, akuna mutu anakukimbiza." Mwishowe kabao kakaanguka ndani kwa kishindo.

"Mulango, angalia gurudumu ya karibu na ukuta. Iko juu ya reli ao pembeni?"

Hapo Mama Kapinga alisahau kugonga. Sauti ikatoka, nyembamba, imekatikakatika, lakini imeelekezwa barabara mahali pake: "Mulango… umuambie… iko pembeni."

Alikuwa amenifuata katika mchezo, mwanangu. Yule mama aliyekuwa anatafuta pumzi kwa tabu bado alikuwa na nafasi ya kunisitiri. Machozi yalinitoka, na sioni haya kukuambia.

Kriki haikuwa imefika. Nikachukua patasi yangu pana, nikaipenyeza chini ya kona ile iliyouma sakafu. Ilihitaji kitu cha kuegemea. Randa! Ile randa ambayo haikuwa na kazi, nikailaza sakafuni, nikaiegemeza patasi juu yake, nikawa na wenzo. Lakini mimi ningeweza kuinua tu. Kulirudisha gurudumu kwenye reli ilikuwa kazi ya mkono wa ndani. Na ukifikiri vizuri utaona hatari yake: patasi ikiteleza wakati vidole vyake viko juu, mlango wote unaangukia vidole hivyo. Na vilikuwa vidole vya fundi cherehani, vilivyolisha nyumba.

"Mulango," nikasema, "mi nitakubeba. Bidole bisiguse gurudumu mupaka niseme. Nikisema, bisukume mbio, bitoke mbio. Sitakuachilia. Unanisikia? Sitakuachilia."

Kidole kikagonga. Kilikuwa kidogo, hakina nguvu, lakini hakikusita.

Nikalalia patasi kwa uzito wangu wote. Mlango ukalalamika, ukapanda kiasi cha unywele, ukapanda tena. Jasho likaniingia machoni. Nikauma midomo. "Sasa!" nikasema. Nikasikia kitu kikikwaruza, mama akiguna, kisha *tak*, sauti ndogo safi ya chuma kuketi juu ya chuma. "Bidole bilitoka?" nikauliza, nikasahau hata kumtaja mlango.

"Bilitoka," mlango ukajibu.

Nikashusha polepole. Nikausukuma kwa kiganja. Ukateleza, mwanangu, ukateleza kama siagi kwenye kikaango! Lakini niliufungua upana wa mkono tu, hewa iingie. Sikuangalia ndani. Kwa kuwa ujia ule haukuruhusu watu wawili kupishana bila kugusana, niliacha patasi, nikaacha randa, nikapanda ngazi mbio. Juu nako njia ya kwenda gatini ilikuwa moja tu, na mlinzi amesimama katikati anauliza kuna nini. Nilifanya nini? Nikaruka majini.

Nakuona unacheka. Cheka. Tata Ilunga aliporudi na kriki begani, alinikuta nimesimama ziwani maji yakinifika kifuani, nimekumbatia mti mkavu, mgongo nimeupa boti. Nyuma yangu Mama Kapinga alitoka, Tata alinieleza baadaye, amejifunika kichwa mpaka miguu kwa pazia la maua ya njano, anavuta hewa kwa kelele kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Akakaa gatini. Pumzi yake ikaanza kurudi, kidogokidogo, filimbi ikapungua. Nilikuwa naihesabu kwa masikio. Ilipokuwa imetulia kabisa, nilipumua nami, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupumua tangu asubuhi.

"Kazadi," Tata Ilunga akaniita, "mule mu maji kuko mamba."

"Mamba aiko buko yangu, tata," nikamjibu.

Nikasikia pazia likicheka.

Basi, ulimi hauna mfupa. Kabla nguo zangu hazijakauka, mlinzi alikuwa ameisimulia habari kwa kila lori lililopita, na jioni Kapata nzima ilijua: Kazadi na mama mkwe wake walikuwa peke yao ndani ya boti, na Kazadi amemsemesha kwa mdomo wake. Wapo waliosema pia kwamba nilimvua pazia, lakini hao nisiwataje, Mungu amewalaza. Baba yangu hakula. Alikaa kibarazani na kofia yake ya kazini mapajani, akauliza mara moja tu, "Ulimusemesha?" Nikasema, "Baba, alikuwa karibu ya kufwa." Akasema, "Sikuuliza ile."

Jumapili baada ya misa tuliitwa nyumbani kwa kina Mbombo. Wazee wa pande zote mbili walikaa uani. Baba yake Mbombo alikaa katikati, uso umekunjwa. Mama Kapinga hakuonekana. Alikuwa jikoni, nyuma ya kitambaa kilichotundikwa mlangoni, na kitambaa kile kilikuwa na maua ya njano. Nadhani kilikuwa baki la kazi. Nilikiangalia kile kitambaa, nikaangalia chini. Mbombo alisimama upande wa nyumba, akisokota ncha ya kitenge chake mpaka nikahofia atakichana. Ningeambiwa posa imerudi, mwanangu, ningerudi kwenye lile ziwa nikamtafute mamba mwenyewe.

Tata Ilunga alieleza aliyoyaona, lakini wazee wakamwambia kweli, tata, wewe ulikwenda kilimani. Lililotokea nyuma hukuliona. Ndipo baba yake Mbombo akageukia kitambaa.

"Mama Mbombo. Ule kijana alikusemesha ao hakukusemesha?"

Ua mzima ukakikodolea macho kile kitambaa. Hata kuku, naapa.

"Mi?" sauti ikatoka nyuma ya maua, safi, haina filimbi hata chembe. "Ule mutoto hakunisemeshaka ata siku moja. Alisemesha mulango."

"Mulango?"

"Mulango. Na mi nilijibu mulango. Ule mulango alituheshimu muzuri sana, aikupita katikati yetu ata neno moja pasipo ye kulisikia. Kama munataka kuhukumu mutu, muyende Nzilo mukalete mulango."

Mzee mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kicheko kikapita kwa mwenzake, kikamfikia baba yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ile, na kofia ikamwanguka. Baba yake Mbombo aliungoja uso wake ukae sawa, haukukaa. Akasema, "Basi. Mulango auna kosa." Na Mbombo akaachilia ncha ya kitenge. Nilishuka kutoka kwenye kigoda nikakaa chini kwenye vumbi. Baada ya dhiki faraja, wanasema, lakini hawasemi kwamba faraja nayo humshusha mtu kigodani.

Tukaoana. Ulipofika wakati, nilipeleka mbuzi wa kuondoa haya, wazee wakamla, wakatubariki. Mama Kapinga akatoka jikoni, mara ya kwanza akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Alikuwa mwanamke mfupi. Miaka yote ile nilidhani ni mrefu. Nikangoja neno lake la kwanza kwangu, neno ambalo mkwe hukaa nalo maisha yake yote.

"Kazadi," akasema, "mulango wa jiko yangu unakwamaka. Ukuye useme nao."

Nilikwenda. Nimeusemesha mlango ule miaka mingi, mpaka tulipomzika mama. Bibi yenu Mbombo yuko huko ndani anafuta macho sasa hivi, kwa kicheko au kwa kilio simwulizi.

Sasa, mwanangu, nikuachie nasaha yangu wazi, usije ukasema mzee alisimulia tu. Utakutana na mila iliyokwama. Utakuta adabu ya wazee imefunga mlango, na nyuma yake mtu anatafuta pumzi. Usikimbie ukasema ndivyo tulivyoikuta, maana heshima si utumwa. Wala usije na shoka kwa haraka ya ujana, ukadhani kila kilichokwama kimeoza. Tazama kwanza ni wapi kimetoka kwenye reli. Kiinue. Nawe usijidhanie utakiinua peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa, na yule wa upande wa pili, unayemwogopa, huenda ndiye mwenye mkono unaofika mahali wako usipofika. Mwambie ukweli, usimwachilie, na msitiri kama unavyopenda kusitiriwa.

Na Mungu aliyemrudishia mama pumzi akupe wakwe wenye huruma na nyumba yenye kicheko. Milango yako na iteleze. Na siku utakapokuwa umefungiwa, awepo mtu nje atakayebaki.